Bibi Harusi wa Juu ya Duka la Kato

Tulimzika baba Jumamosi, na mhubiri aliyesimama kaburini, kijana ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa bado mgongoni mwa mama yake, akamsifu marehemu kwa jambo lililonifanya niinue kichwa. Alisema mzee wetu aliishi bila doa. Mara moja tu, alisema, nyumba yake ilitikiswa, na hata hapo Mungu alishinda, kwa sababu binti yake aliyeanguka alisimama mbele ya kanisa akatubu, na mzee akarudishiwa kiti chake. Watu wakaitikia amina. Binti mwenyewe ni mimi. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wengine, na jirani yangu akanipapasa goti kwa huruma, kama mtu anayepapasa kovu lililopona vizuri. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba sikuanguka popote, kwamba walichokiita dhambi kilikuwa rangi ya mafuta juu ya mbao. Lakini kaburini hakusemwi hivyo, na baba alikuwa tayari chini. Bahati naye alikuwepo, na mke wake, na mvi zake. Alinipa mkono wa pole, akaniita Mama Riziki kama wanavyoniita wote, akaenda kukaa na wanaume. Miaka yote hii tumesalimiana hivyo. Niliporudi nyumbani hasira ilikuwa imenikaa kooni, na hasira ya kooni haitoki kwa chai.

Sitasimulia tulivyovuka mpaka kutoka Kivu ya Kusini, wala siku za Kabazana, kwenye mapokezi ya wakimbizi, kabla ya kupewa kiwanja. Kila mkimbizi wa kambi ya Nakivale, huku Uganda, anayo hadithi hiyo na zote zinafanana kama maharage ya debe moja. Naanzia pale nilipopata kazi mjini Mbarara, kwa fundi wa kuchora mabango aliyeitwa Kato, kwenye barabara ya kwenda Ruharo. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachumbiwa. Wazee wa Bahati walikuwa wamekuja kwetu Kashojwa, kijiji chetu cha kambini, wamepokelewa, wamekula, na kilichobaki ni mavuno yapite, harusi ifungwe. Bahati alilima mahindi na maharage, na Jumapili alipiga gitaa kwenye kwaya ambayo mimi niliiimbia sauti ya kwanza. Nilimpenda. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu katika yote yaliyosemwa mwaka ule hakuna aliyelitaja. Kwa Kato nilipika chakula cha mchana cha mafundi na kuosha brashi, na nililala katika chumba cha nyuma pamoja na mama yake mzee, tuliyemwita Kaaka, yaani bibi. Chumba kilijaa makopo ya rangi mpaka darini. Nguo zangu zilinuka tapentaini, hata chumvi ilinuka tapentaini. Kaaka hakujua Kiswahili, nami Kinyankore changu kilikuwa cha sokoni tu, lakini alinifundisha kula karo, ule ugali mweusi wa ulezi, na mchuzi mweupe wa samli ambao mwanzoni ulinitoa machozi kwa kukumbuka sombe ya mama, ile mboga ya majani ya muhogo. Jioni alinipangusa uso kwa ncha ya shuka lake kama mtoto. Nilikuwa na raha kwa Kato, nisidanganye.

Kato alikuwa mtu wa kichwa kisichotulia. Siku moja alirudi kutoka Kampala amechangamka, akasema ameona bango linalobadilisha picha lenyewe, na kwamba yeye atatengeneza la kwake, la kwanza Mbarara. Mafundi walimcheka. Alikata mbao ndefu zenye pembe tatu, kila moja na pande tatu za kuchorwa, akazisimamisha bega kwa bega ndani ya fremu ya chuma kubwa kuliko mlango wa kanisa. Chini ya kila ubao aliweka gurudumu dogo lenye meno, akazifunga zote kwa minyororo ya baiskeli, na minyororo akaipeleka kwenye mota aliyoing'oa kwenye waipa za lori bovu. Mota ikivuta, mbao zote zinageuka pamoja, picha inavunjika vipande vipande mbele ya macho yako, halafu vipande vinaungana na kumbe ni picha nyingine. Upande wa kwanza ulikuwa wa magodoro. Wa pili ulikuwa wa maziwa, na ng'ombe mwenye pembe ndefu ambaye Wanyankore walimsifu kuliko godoro. Wa tatu ulichukuliwa na mama mmoja mwenye saluni ya kupamba maharusi. Bango lilipopandishwa juu ya duka, bodaboda walisimama, wanafunzi walisimama, hata askari wa barabarani alisahau kupuliza filimbi. Sisi wa Kongo tuliliita Kigeugeu.

Kwa huo upande wa tatu Kato alihitaji watu wa kusimama ili awachore. Mama wa saluni hakutaka picha ya kuotea. Alitaka uso wa mtu. Kato akaniangalia mimi, akamwangalia Safari, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa Fizi, Mkatoliki, mcheshi kupita kiasi. "Nyinyi wawili simama hapa," akasema. "Wewe Mapendo usicheke-cheke. Hii ni kazi tu." Mama wa saluni alinivalisha gauni jeupe na shela, akanipaka poda, na Safari akavishwa koti lililombana makwapa. Tulisimama alasiri kadhaa kwenye ua, kati ya sufuria zangu na mitungi ya gesi yake, na muda wote Safari alinong'ona kwamba koti linamuua, kwamba akifa nimrithi nyundo. Kaaka alikaa kwenye kigoda akatuangalia na kucheka bila meno. Kato alikuwa na mkono, Mungu amhurumie. Alichora hadi alama yangu ndogo kwenye nyusi, niliyoipata utotoni kwa kuangukia jiwe la kusagia.

Mtu wa nje ataniuliza kosa liko wapi, na hapo ndipo ninapolazimika kueleza jambo la kwetu. Kambini vijana wengi walikuwa hawana njia ya kufanya harusi, au wazazi walikataa, basi walikimbilia Mbarara wawili wawili, wakaingia studio, wakaazima gauni na koti, wakapigwa picha. Picha ile ndiyo ilitumwa nyumbani kwa mkono wa msafiri. Haikuwa na maelezo. Mama akiipokea na kumwona binti yake ndani ya shela kando ya mwanaume, alijua yamekwisha, akaanza kulia au kupiga vigelegele, kwa kadiri ya mwanaume mwenyewe. Kwetu picha ya shela ilikuwa ndiyo ndoa, na kanisa letu liliiita ndoa ya wizi. Nililijua hilo vizuri sana. Lakini picha ya studio ni karatasi ya kushika mkononi, na hii ya Kato ilikuwa mbao juu ya duka, kati ya godoro na ng'ombe. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuzichanganya. Na mwanzoni hakuna aliyechanganya, kwa sababu bibi harusi alionekana kidogo tu kisha akageuka maziwa, na watu wetu waliopita juu ya malori hawakuwahi kumwangalia mara mbili.

Halafu mvua zikaanza, maji yakaingia kwenye mota, ikafa. Ilikufa mimi nikiwa mbele. Asubuhi nilitoka na ndoo nikajikuta nimesimama juu ya barabara nzima, shela na yote, natabasamu, wala sigeuki. Kato akapanda, akashuka na mikono myeusi. "Mota imekufa. Ingine iko Kampala. Itakuja," akasema, akaenda kunywa chai. Siku zikapita. Siku moja nikikoroga karo jikoni nilisikia Kiswahili cha kwetu barabarani, sauti za wanawake. Walikuwa mama watatu wa kanisa letu waliomleta mgonjwa hospitali ya Ruharo. Mmoja akasema si yule ni Mapendo wa muzee Elia, mwingine akasema hapana, wamefanana tu, wa tatu akasema angalieni nyusi. Nilitoka mbio na mwiko mkononi niwaeleze. Waliniangalia, wakaangalia juu, wakaniangalia tena, na badala ya kunigombeza wakanipongeza. Kwa adabu kabisa, mmoja mmoja, wakanishika mkono. Nilisema ni kazi, ni tangazo, na kila nilivyosema wakatikisa kichwa kwa upole, kama unavyomsikiliza mwenye homa. Wakati huohuo Safari alitokea ndani, kifua wazi kwa joto la kuchomelea, akauliza chakula kimeiva. Mama wale wakaaga.

Nilimsihi Kato apake rangi pale, hata chokaa. Alinihurumia, lakini alisema picha ni ya mama wa saluni, ameinunua, na mama wa saluni alikuwa anafurahia kukwama kule kuliko mtu yeyote. Basi mimi na Safari tukaamua kuzigeuza mbao kwa mkono. Tulipanda mchana, Kato akiwa sokoni. Minyororo ilikuwa imeshikana kwa kutu. Tulivuta, tukasukuma, ubao mmoja ukang'oka kwenye meno yake ukageuka peke yake, na sasa katikati ya uso wangu kukawa na kipande cha godoro. Safari alicheka hadi akashika fremu asianguke. Nami nikacheka, nikalia, vyote pamoja, na tulipogeuka kuteremka lori la Nakivale lilikuwa limesimama chini, limejaa watu, wote shingo juu. Walituona wawili juu ya paa, tumeshikana mikono kwa sababu ya ngazi, mbele ya picha yetu ya harusi. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Lilikuja na lori lile.

Baba alifika asubuhi iliyofuata. Hakuingia dukani. Nilimkuta amesimama upande wa pili wa barabara, amevaa koti lake la Jumapili, kofia mkononi, anaangalia juu. Nilivuka, nikampigia goti. Hakuniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku kucha, na hakuliuliza.

"Nani alikuvalisha?" akasema.

"Mama ya saluni, baba. Ilikuwa kazi."

"Na siye? Siye tulikuwa tumekufa?"

Nilifunga nguo zangu. Kaaka alinishika mikono miwili akasema maneno mengi kwa lugha yake, nikaelewa machozi tu. Njiani kwenda Kashojwa baba aliniwekea koti lake begani mvua iliponyesha.

Hakuna aliyenifungia mlango, kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa turubai. Lakini sijawahi kufungwa kama nilivyofungwa miezi ile. Nikienda kuchota maji, mazungumzo yalikatika. Kanisani niliwekwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, la waliotengwa. Sikuimba, sikushiriki meza ya Bwana, na wimbo ulipoanza nilisikia pengo la sauti yangu kwenye kwaya na kujua wengine hawalisikii. Baba naye alitolewa kwenye kiti cha wazee, kwa kuwa asiyeitunza nyumba yake atatunzaje kanisa. Alikuwa amekikalia kiti kile tangu tulipojenga kanisa la kwanza la miti na nyasi. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakupewa na mwenye kugawa chakula. Aliacha kula. Mama alimpikia sombe, akamtafutia ndagala, dagaa wa kwetu, akamsongea ugali wa muhogo laini kama wa mgonjwa, naye alimega tonge moja, akalishika, akalirudisha. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta kati yake ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akimwambia mama kwamba afadhali angekufa kule kwetu, akiwa muzee wa watu. Safari hakutengwa na mtu yeyote. Yeye alikuwa wa kanisa lingine, na zaidi ya hapo alikuwa mwanaume. Alihamia Kampala kutafuta kazi, na sina kinyongo naye, maana hata angesimama juu ya meza akasema ukweli, nani angemsikiliza.

Aliyeniamini waziwazi alikuwa mmoja. Wazee wa Bahati walikuwa tayari wanasema wachumba wapo wengi, tena wa karibu, lakini yeye akawaambia wangoje. Akaacha shamba, akapanda lori mpaka Mbarara, akamwuliza Kato, akamwuliza mama wa saluni, na Kato alimruhusu kupanda ngazi. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, mchana, watu wanaona, akasimama uani nikichambua maharage.

"Nimegusa na mukono," akasema. "Ile ni rangi tu. Bantu banaweza kusema vile banataka, miye nimeona."

Nikamwambia kwamba kwa Kato nililala na Kaaka, sikulala na Safari hata siku moja. Niliendelea kuchambua maharage, nikatupa mazuri nikabakiza mabovu, naye akaona akacheka. Tangu siku ile nililala. Nilijua ipo siku mavuno yatakwisha na tutafunga ndoa yetu hata kama ni kwenye benchi la nyuma. Laiti ningejua kuishia hapo.

Mchungaji alikuja jioni moja, mtu mpole, tena aliyetupenda kweli. Alikula kwetu. Alieleza kwamba yeye binafsi hajui kilichotokea Mbarara na hataki kujua, ila kanisa limekwisha kujua, na kanisa likijua jambo kuna mlango mmoja tu wa kutokea. Nisimame Jumapili, aniulize, niseme ndiyo, niombewe, na palepale nirudi kwaya, baba arudi kitini, na ndoa yangu na Bahati ibarikiwe mbele, si nyuma. Nikasema sina la kutubu. Akasema unyenyekevu nao ni toba. Nikasema hiyo ni kudanganya madhabahuni. Hakukasirika, alimwangalia baba, ambaye tonge lilikuwa mkononi mwake kama kawaida, na sote tukalitazama lile tonge. Akaaga. Mama akanifuata jikoni. Hakunilazimisha, nisimsingizie marehemu mwingine. Alikaa kwenye kuni, akasema yeye ananiamini, tangu siku ya kwanza alijua, mama anajua. Akasema neno halivunji mfupa. Akasema, "Miye niko na bwana moja tu, Mapendo, na anakufa hapa naangalia." Ningefanyaje? Leo hii watoto wangu wananiambia wao wangekataa. Wao hawakulala nyuma ya ukuta ule.

Ilikuwa Jumapili yenye watu wengi, maana habari ilitangulia. Mchungaji akaniita kwa jina, nikatoka benchi la nyuma nikapita katikati, na niliwaona wale mama watatu wa Ruharo wakinipa nguvu kwa macho. Bahati alikuwa kwenye kwaya, gitaa kifuani. Sikumwambia kabla. Nilidhani haina haja. Si yeye aligusa rangi kwa mkono wake? Nilidhani atajua nasema kwa ajili ya nani, na kwamba sisi wawili tutakuwa na ukweli wetu kama watu wenye shamba lao mbali na njia. Mchungaji akauliza kama ni kweli nilikaa na mwanaume yule mjini kinyume cha neno la Mungu. Kanisa likatulia hadi nikasikia bati likilia kwa jua. Nikasema, "Ndiyo." Akauliza kama natubu. Nikasema ndiyo tena. Vigelegele vikapasuka, watu wakanikumbatia, na wazee wakamwendea baba wakamshika mikono kumpeleka mbele, naye akienda analia kama mtoto, mbele za watu, yule mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipovuka mto. Kwaya ikaanza wimbo wa shukrani. Nikalisubiri gitaa. Halikuingia.

Nilimkuta kwenye njia ya mahindi, gitaa mgongoni. Nilikuwa nakimbia, nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe, nimeona mlango umefunguka. Nikamwambia amesikia, yamekwisha, sasa wazee wake waje. Aliniangalia namna ambavyo baba aliiangalia ile picha.

"Bote balisema, miye nilikatala," akasema. "Nilipigana na baba yangu juu yako. Leo ni weye mwenyewe umesema."

"Nilidanganya. Ulimwona baba. Nilidanganya kwa ajili yake."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, hasira ningeiweza.

"Kama unaweza kudanganya fasi ile ya Mungu, na uso hauonyeshi kitu," akasema, "basi ile siku nyingine, kwenye maharage, nitajua namna gani?"

Nikatafuta jibu. Nimelitafuta mpaka leo, hata Jumamosi pale kaburini aliponishika mkono. Nilimwambia rangi aliigusa mwenyewe. Akasema rangi aligusa, ndiyo, lakini rangi haisemi nani alilala wapi; hilo aliliamini kwa mdomo wangu, na sasa mdomo wangu umesema mambo mawili. Akanitakia amani ya Bwana kama mtu anavyomtakia dada kanisani, akaendelea na njia. Baadaye nilisikia mota ya Kampala ilifika wiki ileile, na kwamba nilikuwa nageuka tena vizuri, godoro, maziwa, harusi.

Nyumbani nilikuta moshi na nyama. Majirani walileta kuku. Baba alikuwa ameketi nje, koti la Jumapili bado mwilini, na mbele yake ugali aliokwisha kuula nusu. Alikula kwa haraka, karibu kwa mikono miwili, na mama alisimama nyuma yake akimwongezea kabla hajaomba. Aliponiona akapanguza kiti kwa kiganja, akaniita nikae kando yake, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipokuwa mdogo. Akanimegea paja la kuku, akaliweka kwenye mkono wangu. Akasema Mungu amemheshimisha uzeeni. Akasema sasa hakuna kinachozuia, kesho nimwambie Bahati alete wazee wake, yeye yuko tayari kuwapokea.

"Ndiyo, baba," nikasema, nikala.